Hodi za Getini

Mtaa wa fundi cherehani ulikuwa yatima mwenye baba wawili. Ukienda manispaa unaambiwa mko nje ya mpaka wa mji, muulizeni mwenye msitu. Ukienda kwa mwenye msitu, yaani hifadhi, unaambiwa sisi tunashughulika na miti na nyani. Watu walikwisha kuzoea kujichimbia visima na kujizolea taka. Lakini mhifadhi mpya alipolitia geti la msitu kufuli, fundi alisema hili hapana.

Njia ya msituni ndiyo aliyompitishia mama yake kwenda zahanati kusafishwa kidonda cha mguu. Ilikuwa tambarare, na kiti cha magurudumu kilikwenda bila kusumbua. Njia nyingine ilikuwa barabara kuu, ambako malori humpigia honi mtembea kwa miguu kana kwamba kosa lake ni kuzaliwa. Waliijaribu mara moja, wakageuza nusu ya safari, roho mkononi. Na nesi alikuwa ameshaonya kwamba kidonda kikikaa bila kusafishwa, mguu utakatwa.

Penye nia pana njia, wanasema. Waliosema hawakukutana na kufuli.

"Wanaopita ni wenye kitambulisho cha mkazi wa mji," mlinzi wa geti alisema huku akitazama viatu vyake.

"Mji wenyewe unatukataa."

"Sasa dada, mimi nifanyeje? Nina watoto."

Fundi hakumgombeza. Alikaza breki za kiti, akashika nondo za geti, akaita, "Hodi!"

Mlinzi kimya. Alijua fika kwamba akiitikia, amekaribisha.

"Hodi! Hodi!"

"Dada, hodi ni tatu. Usipojibiwa unaondoka, ndiyo adabu."

"Hizo zangu. Bado za mama."

Wakati huo mhifadhi alitoka ofisini, simu sikioni, akibishana na mtu kuhusu miche. Alikuwa amewapa mgongo. Mama, ambaye ugonjwa ulimpunguzia miguu lakini si ulimi, akavuta pumzi na kuita kwa ile sauti ya kumtoa mtoto kitandani: "Hodi wenyewe!"

"Karibu mama, pita!" mhifadhi akaitikia bila kugeuka, kama mtu yeyote aliyelelewa akaleleka, kisha akaendelea na miche yake.

Tangu aajiriwe, mlinzi hakuwahi kuwa mwepesi namna ile. Mhifadhi alipogeuka, kiti kilikuwa katikati ya geti.

"Nani kafungua?"

"Umewakaribisha, bosi."

"Ulimi umeteleza tu!"

"Mwanangu," mama alisema, "karibu ikishatoka hairudishwi."

Mhifadhi akaona haya. "Basi piteni. Leo tu."

Mwingine angeshukuru akapita. Fundi alikaza breki tena, palepale.

"Kidonda hakiponi kwa leo tu."

Mhifadhi akaingia kwenye gari lake, akaliwasha, pua imeelekea getini. "Sogea, dada. Nina kikao mjini."

"Na sisi tuna miadi. Sema geti litakuwa wazi kila siku kwa waendao kwa miguu na kwa viti, tusogee."

"Nitaita polisi!"

"Waite. Sisi wenyewe tukiwaita hawaji, wanasema tuko nje ya mpaka."

Mlinzi akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mhifadhi alitazama saa, akatazama bendeji ya mama iliyoanza kulowa, na akaitazama kwa muda mrefu kuliko saa.

"Kufuli litiwe usiku tu," alimwambia mlinzi. "Mchana geti liwe wazi. Kila siku."

Fundi akalegeza breki. Hapo ndipo magoti yake yalipoanza kugongana, akaegemea mishikio ya kiti ili mama asijue.

"Sukuma, mwanangu," mama alisema bila kugeuka. "Utatetemekea njiani."