Mstari Mwembamba wa Kijani

Jana niliota. Kabla hujaniuliza kama nilivimbiwa, nakujibu: nilikula wali na maharage, tena kidogo, maana roho haikutaka. Mke wangu Mwanahija ana mimba ya miezi minane, na tangu asubuhi mtoto alikuwa hajacheza. Jioni tulikwenda hospitali, nesi akasikiliza, akasema moyo upo, ila asipocheza mpaka kukicha mrudi. Mpaka kukicha! Jaribu wewe kulala na neno hilo.

Sisi ni watu wa Muheza, lakini tunaishi Kanada, kwenye mji ambao ziwa lake huganda mpaka magari yanapita juu. Jirani yetu, mzee Orest, alikuwa ameniazima mashine yake ya kutafutia samaki chini ya barafu, ili Jumamosi twende wote. Ina kisahani cha mviringo chenye taa: kitu hafifu kinawaka kijani, kitu kikubwa kinawaka nyekundu. Waya wake unashuka majini, unatuma mlio, unasubiri mwangwi. Nikajilaza na kitabu cha maelekezo kifuani, nisome nisifikiri. Kilisema: kwenye maji mafupi yenye magugu, punguza usikivu mpaka magugu yapotee, kisha ongeza kidogo kidogo hadi chambo chako kionekane kama mstari mwembamba wa kijani. Hapo acha.

Nilisinzia kwenye "hapo acha".

Niko juu ya ziwa. Nimevaa msuli na fulana, na sisikii baridi, jambo ambalo halinishangazi. Mbele yangu kuna tundu kwenye barafu, na ng'ambo ya tundu, juu ya kigoda, amekaa mama mkwe.

Lahaula! Huyu ndiye mama yake Mwanahija, aliyekuja miezi miwili iliyopita kumsaidia mwanawe kujifungua, na kwetu sisi mama mkwe humtazami usoni. Miezi miwili namwamkia nikitazama friji. Na ziwani hakuna friji.

"Shikamoo, mama," naliambia tundu.

"Marahaba, baba. Mashine imewaka?"

Imewaka. Kisahani chote ni chekundu.

"Naona vitu vingi mno," mashine inasema, kwa sauti ya karani ambaye chai yake imepoa. "Unatafuta nini?"

"Mtoto," nasema. Kumbe nilikuwa najua.

"Wa kiasi gani?"

"Miezi minane."

"Maji ni futi sita. Magugu ni futi tano na nusu. Punguza usikivu."

Nachungulia. Magugu yenyewe ni watu. Wamesimama chini wakiyumba, miguu kwenye tope, na wote nawafahamu: shangazi Mwanahamisi, majirani wa Muheza, kundi zima la simu la ukoo. Na wote wanasema kwa pamoja. "Asile mayai." "Mlitangaza mimba mapema." "Na hiyo baridi ya Ulaya, lazima imfikie." "Binamu yangu naye ilianza hivihivi, mwisho wake—"

Nikazungusha swichi ya usikivu kushoto. Huyo wa hivihivi akazimika kabla hajaufikia mwisho. Raha niliyoipata, Mungu anisamehe.

Nikazungusha tena, na barafu ikawa sakafu. Tuko kwenye kliniki ya wajawazito, kule nyumbani. Foleni ndefu, kila mama na kadi yake, na lile tundu liko palepale katikati ya ukumbi. Wanalizunguka tu kama ndoo ya mfagiaji. Nikapunguza. Foleni ikapotea. Kadi zikabaki hewani kidogo, nazo zikapotea.

Kwenye kisahani kimebaki kitu kimoja chekundu, kinene. Moyo ukanipaa.

"Si mimi," kikasema kutoka majini. "Mimi ni samaki. Napita zangu." Akasita. "Poleni lakini."

Akapita. Kisahani kikawa cheusi tii.

"Safi," ikasema mashine. "Magugu yamekwisha. Sasa chambo chako kiko wapi?"

Sikuona kitu. Futi sita za maji, na katikati hamna hata doa. Nikageuka. Mwanahija amesimama ukutani ameshika tumbo, na vigae vya ukuta naviona kupitia kwake. Mdomo wake unaniita, "Mhando, Mhando," ila sauti haiji.

"Umepunguza mno," mashine ikasema.

"Mrudishe!"

"Swichi unayo wewe. Mimi natii tu."

Nikazungusha kulia mpaka mwisho. Mwanahija akarudi, na foleni ikarudi, na shangazi, na binamu wa watu, wote wakipiga kelele, kisahani chekundu kote. Mtoto hata akiwepo nitamwonaje? Nikazungusha kushoto: kimya, na mke wangu anayeyuka. Kulia: makelele. Kushoto. Kulia. Niliogopa, ndugu yangu, sijapata kuogopa vile tangu nizaliwe. Nikaanza kulia kama mtoto aliyepotezana na mamaye sokoni.

"Mkwe wangu."

Bado amekaa kwenye kigoda chake. Kulia, kushoto, hakuwa amepungua hata kidogo.

"Mama, mbona wewe huzimiki?"

"Mimi si gugu. Nimezaa saba, nimezika wawili. Nizimwe na swichi?" Akavuta kanga yake. "Wewe unachezea mashine huku umeutazama ukuta. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Piga magoti. Na unitazame, nikuonyeshe kiasi."

"Mama, heshima..."

"Heshima utanirudishia kesho. Tazama."

Nikapiga magoti, nikamtazama. Ni uso wa Mwanahija, umeongezewa mikunjo tu. Na midomo inamcheza. Kumbe naye anaogopa! Miezi miwili yote ananipikia uji, anafua, hasemi, na mimi nazungumza na friji.

Akaweka mkono wake juu ya mkono wangu, jambo ambalo Muheza wangelisimulia mwaka mzima. Tukazungusha pamoja, taratibu, kama mtu anayetia chumvi kwenye mchuzi wa mgonjwa. Shangazi akafumbua mdomo, akaufumba. Mwanahija akarudi na rangi yake.

"Hapo acha," akasema mama mkwe.

Kwenye kisahani pana mstari mwembamba wa kijani. Umetulia. Tukausubiri.

Mstari ukaruka. Mara mbili. Kimya. Mara moja.

Mama mkwe akatumbukiza mkono kwenye tundu mpaka begani, kanga na yote.

"Usimvute, mama!"

"Simvuti. Namsalimu. Siku zake bado."

Nikaamka. Kumekucha, kitabu cha maelekezo kiko usoni, mkono wangu uko juu ya tumbo la Mwanahija. Yeye yuko macho, anatazama dari, amebana pumzi.

"Umesikia?" akaniuliza.

Nilisikia. Mara mbili, kimya, mara moja. Tulilia wote wawili, hakuna aliyemwonea mwenzake haya.

Tukavaa twende hospitali wakahakikishe. Nikaingia jikoni kuchukua funguo. Mama mkwe anakoroga uji. Kanga yake ameianika kwenye kiti karibu na hita, pembe moja inachuruzika maji, na sakafuni, chini ya pembe hiyo, pana jani moja la ziwani, bichi. Nje barafu ina unene wa kwenda kifuani.

"Shikamoo, mama," nikaliambia friji.

"Marahaba." Akakoroga kidogo. "Tazama huku, baba. Si umeshaniona?"

Nikamtazama.