Marehemu Rivka

Katika darasa langu la Kidato cha Tatu, "Yahudi" lilikuwa tusi la mtu mchoyo. Nililisikia mara mbili kwa siku moja, damu ikanichemka. Nikaacha mada niliyoiandaa, nikawaambia kwamba Wayahudi milioni sita waliuawa Ulaya, wazee na watoto wachanga, kwa kosa la kuzaliwa Wayahudi. Ikaingia sikio hili ikatokea lile. Basi nikaandika ubaoni majina kumi na tisa ya watoto waliouawa wa mtaa mmoja wa huko, pamoja na umri wao, nikamwambia Nasma ayasome.

Nasma ni mtoto wa Kiegeani, kijiji cha hapa kisiwani, kalelewa kwa adabu. Kwao jina la aliyekufa halitajwi likiwa tupu, bila neno la rehema. Akasoma, "Marehemu Rivka, miaka minne. Marehemu Shimoni, miaka saba." Kengele ikalia akiwa kwenye jina la tano.

Kesho yake baba yake, Abeid, nahodha wa boti ya hifadhi ya bahari, alikuwa ofisini kwa mkuu wa shule kabla ya saa ya chai. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

"Mwanangu kaja hapa kusoma," alimwambia mkuu, Mwalimu Gerson, kana kwamba mimi simo. "Huyu mtu wa bara kamfanya awaombee Mayahudi rehema. Na redio inatwambia kila siku yanayotendeka Gaza."

"Watoto hawa waliuawa zaidi ya miaka sabini iliyopita," nilisema. "Ya Gaza wanayajulia wapi?"

"Namtoa shule."

Gerson ni bendera, hufuata upepo. Akashauri Nasma aitwe, asome tena bila neno "marehemu", yaishe. Nilimchukia kuliko nilivyomchukia Abeid. Nasma akaja, akashika karatasi niliyonakili majina yale, asisome. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Soma," baba yake akafoka. "Jana hukutia tonge kinywani kwa ajili ya huyu marehemu Rivka, leo unataka..."

Akasita. Gerson akatazama dari. Mimi, Mungu anisamehe, nilitabasamu.

"Unacheka nini, mwalimu?"

"Sicheki."

"Unacheka. Ulimi wangu una adabu, ndiyo kichekesho chako hicho."

Niliona haya mpaka masikio yakawaka moto. Abeid akamgeukia binti yake.

"Miaka mingapi, ulisema?"

"Minne, baba."

"Mtoto wa miaka minne hana dhambi," akasema. "Jana uliishia wapi?"

"Jina la tano."

"Maiti hasomewi nusu. Soma wote, kama ulivyofunzwa nyumbani."

Nasma akasoma, marehemu mmoja baada ya mwingine, mpaka wa kumi na tisa. Baba yake alikunja mikono kifuani na kunikazia macho muda wote. Hayakuwa na wema hata chembe.

"Mtoto atabaki shule," akamwambia Gerson akiinuka. "Lakini huyu simpi mkono."

Wangu nilikuwa nimeshaunyoosha.