Gari la Zamaradi Juu ya Mizani

Usiku wa jana niliota nasonga ugali jikoni kwangu Muheza, mara mwiko ukawa usukani. Sikushtuka. Niliendelea kusonga. Nainua macho, jiko limekwisha kuwa kibanda cha mafundi kando ya njia ya mbio za magari, na mjukuu wangu Zamaradi ndiye dereva anayeongoza. Gari lake jembamba kama papa, magurudumu yako nje, bawa liko nyuma.

Bawa la akiba limekaa kwenye kigoda changu, linakunywa chai.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Bawa zima wewe, mbona huruki?"

"Nimegeuzwa, Bibi. Bawa la ndege huinua, mimi nakandamiza. Gari likikimbia, mimi ni tembo mgongoni mwake. Halichepuki hata kwenye kona kali."

"Na likisimama?"

"Likisimama mimi ni unyoya. Ndiyo maana yule pale anacheka."

Kweli, Mizani kasimama mlangoni, kavaa tai, anacheka.

"Mbio zikiisha, gari na dereva wake hunipanda," anasema. "Wakipungua uzito wa sheria, ushindi wao naumeza."

"Unaumeza na nini?"

"Na maji."

"Na mjukuu wangu je?"

"Matairi yamelika, mafuta yamekwisha, mwenyewe katoka jasho. Atapungua kwa uzito wa andazi."

"Basi nimpe andazi."

"Mkono wa mtu ukimgusa, nameza ushindi na andazi."

Hapo hapo Zamaradi anapita mstari wa mwisho, wa kwanza. Bendera ya mirabaraba inapiga vigelegele. Sasa anarudi polepole, katikati ya njia palipo safi, anapunga mkono kama bibi harusi.

Nikausogeza usukani wangu mdomoni kama simu ya upepo, nikamwita.

"We Zamaradi! Nani kakufunza kurudi safari mikono mitupu?"

"Bibi, nimeshinda!"

"Ushindi hauna kilo. Huko pembeni kumelala nini?"

"Vipande vya mpira vilivyobanduka kwenye matairi ya watu. Takataka tu, Bibi."

"Matairi yako bado ya moto?"

"Ya moto sana."

"Basi pita humo humo. Vitanata kama ugali kwenye mwiko. Zoa vyote, hata vya wasiokupenda."

"Watanicheka!"

"Wacheke. Wewe zoa."

Akaingia pembeni. Kila tairi likiokota kipande linasema bismillah, na linanenepa. Watu wakacheka kweli. Zamaradi akampanda Mizani na gari lake lote.

Mizani akaacha kucheka. Akalegeza tai. Akajitazama mara mbili.

"Imetimia," akasema, kama mtu aliyemeza mwarobaini.

Zamaradi akaruka kunikumbatia. Matairi nayo yakaja kunishukuru, yakanikanyaga mguu kwa adabu.

Nikaamka, kumekucha. Nashusha miguu nitafute kandambili, mguu wa kulia ukanata sakafuni. Nikaugeuza nitazame. Kisiginoni kuna kipande cha mpira mweusi, kadiri ya kokwa ya ukwaju.

Nikakigusa. Bado kina moto.