Kiti Kilichofungwa Kamba

Mjukuu wangu alimuua mdogo wangu bila kuniomba ruhusa, tena mdogo wangu mwenyewe akiwa jikoni anamenya vitunguu.

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kaunta ya mkahawa wangu, mwiko mkononi, nikamsikia akiwaambia watu aliowaleta: "Na hapa, mabibi na mabwana, kwenye kiti hiki mnachokiona, ndipo Kufuli alipokunywa supu yake ya mwisho. Walipomzingira, aliweka kijiko chini taratibu, akajifuta mdomo, akatoka kifua mbele. Mvua ya risasi! Hakupiga hata kelele."

Wageni wakashusha pumzi kwa pamoja. Mama mmoja alijifuta machozi kwa kitambaa changu cha meza.

Nyuma ya pazia la jikoni, Kufuli alikohoa.

Itanibidi nieleze mimi, maana mjukuu wangu haelezi, yeye hutangaza. Tumemwita Spika tangu alipojifunza kuzungumza, na siku hizi jina limemkaa vizuri zaidi, kwa kuwa hutembea na kipaza sauti kidogo kilichofungwa kiunoni, ingawa wageni wake wote hutosha kwenye mabenchi yangu na nafasi ikabaki. Biashara yake anaiita Matembezi ya Majambazi na Mapochopocho. Kila Jumamosi asubuhi huwakusanya watu mbele ya benki ya zamani, akawapitisha katika vichochoro ambamo genge la Kufuli lilikuwa likitamba enzi zile, akawaonjesha karanga hapa na samaki wa kukaanga pale, kisha akawamalizia kwangu kwa supu ya mifupa na mkate. Kabla ya hapo alifuga kuku, wakafa. Akauza makasha ya simu, yakamdodea. Akafungua kibanda cha kudurufu, mashine ikala vyeti vya watu. Hii ndiyo biashara yake ya kwanza kusimama, na ndiyo sababu nilinyamaza kwa muda mrefu kuliko ilivyo tabia yangu.

Ukweli ni huu. Kufuli ni ndugu yangu wa tumbo moja. Alipokuwa na nguvu, yeye na wenzake walipita madukani kudai ada ya ulinzi, na mwenye duka aliyekataa alikuta asubuhi mlango wake umetiwa kufuli lisilo lake, ambalo ufunguo wake ulining'inia shingoni mwa mdogo wangu. Mvua ya risasi haikunyesha. Polisi walipofika, alikimbilia stoo yangu, akajibanza nyuma ya magunia ya unga, akapiga chafya. Walimtoa mweupe pe. Alitumikia kifungo chake chote, akarudi mzee, nami nikampa chumba cha nyuma na kisu cha vitunguu. Hajaomba kingine.

Ama kile kiti cha dirishani, hakikuwa chake hata siku moja. Kilikuwa kiti cha Fundi.

Fundi ni mama mshonaji, na duka lake linatazamana na mkahawa wangu. Tumekuwa marafiki tangu sote wawili tulipokuwa na meno kamili. Yeye ni mmoja wa waliokataa kulipa. Alipokuta kufuli mlangoni hakwenda kumpigia mtu magoti. Aliazima msumeno, akalikata mbele ya umati, akaingia ndani, akaendelea kushona. Wiki haikuisha, duka likateketea, cherehani na vitambaa vya watu na vyote vilivyokuwamo. Alianza upya kwa sindano ya mkono.

Tangu siku hiyo hajamsemesha mdogo wangu, wala mdogo wangu hakuthubutu kumsemesha. Lakini kila mchana alikuwa akivuka barabara, akikaa kwenye kiti chake, mgongo ameuelekeza jikoni, nami nikimletea bakuli. Mfupa wenye uboho mwingi kuliko yote sufuriani ulikuwa ukiingia katika bakuli lile. Si mimi niliyeuchagua. Fundi alijua kuwa si mimi, akaula, asiseme neno. Hivyo ndivyo watu wawili wale walivyoweza kuzeeka katika mtaa mmoja, na sikuona sababu ya mtu mwingine kuja kuwapangia utaratibu.

Basi Spika akaleta kamba.

Ilikuwa kamba nyekundu, nene kama mkia wa ng'ombe. Aliizungusha kwenye kiti kuanzia miguu hadi egemeo, akatundika kibao: KITI CHA KUFULI. USIKALIE. Mchana wa siku ileile Fundi akafika. Alisimama mlangoni, akasoma kibao, akaitazama kamba, akageuka. Nilimwita, hakugeuka tena. Nilipompelekea bakuli dukani kwake, hakuinua macho kwenye mshono.

"Nimeshiba, mwenzangu," alisema, pini zikiwa zimebanwa midomoni.

"Umeshibia wapi?"

"Nimeshiba tu."

Nilirudi na bakuli langu likiwa limefunikwa kama lilivyotoka. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na wiki iliyofuata pia. Nikamkamata Spika akiwa anawahesabia wageni wake vijiko.

"Fungua kamba yako."

"Bibi, kamba ndiyo inaleta watu! Kiti bila kamba ni kiti tu."

"Ni kiti tu."

"Watu wanapiga nacho picha. Kwani huoni?"

"Naona. Naona wanavyonisogezea meza na kunichungulia sufuria. Jumamosi iliyopita mmoja kaniomba anuse mwiko."

"Kaupenda mkahawa!"

"Mkahawa haunuswi. Fundi haji tena."

"Atazoea. Ni hadithi tu, Bibi, nimetia chumvi kidogo."

"Umemzika babu yako mzimamzima, halafu unaniambia kidogo?"

"Babu mwenyewe kakubali!"

Alikuwa amekubali kweli, na hilo ndilo lililonikera kupita yote. Nilikwenda jikoni kumuuliza mdogo wangu kama akili zake zilikuwa zimebaki gerezani.

"Dada, niache nife," alisema. "Kufa kwangu kunamsumbua nani?"

"Kunamsumbua Fundi."

Kisu kilisimama juu ya kitunguu. Kisha kikaendelea.

"Wanasema nilitoka kifua mbele," alinong'ona baadaye, na nikamwona midomo ikimcheza.

"Ulitoka umebebwa begani na askari, unga mpaka kwenye nyusi."

"Hilo wasiambiwe."

Nilimwacha na vitunguu vyake. Katika nyumba ile kila mtu alikuwa amepata alichokitaka: mmoja biashara, mwingine kifo cha kishujaa. Mimi nilikuwa nimepata kiti kitupu dirishani na watu wa kuninusia mwiko. Ningeweza kuikata kamba mwenyewe, najua. Kila nilipochukua kisu niliwakumbuka wale kuku, na ile mashine iliyokula vyeti, na uso wa mama yake Spika kila biashara ilipokufa, nikakirudisha kisu mahali pake.

Jumamosi iliyofuata Spika aliingia na kundi lake akiwa ametoa macho kama mtu aliyemeza mfupa. Alinijia kaunta mbio.

"Bibi, kalipa kabisa," alinong'ona. "Ningemkatalia vipi?"

Nikatazama. Katikati ya wageni, akiwa amevaa viatu vya safari na kibandiko cha njano kifuani kama wenzake, mkoba wake begani, alikuwapo Fundi. Alikuwa ametembea vichochoro vyote, amekula karanga zote, amesikiliza yote. Hakunisalimu. Alijipenyeza mpaka mbele, akasimama kando ya kiti chake kama mgeni mwingine yeyote.

Spika akaanza kuhubiri habari ya supu ya mwisho, lakini safari hii sauti ilikuwa imemwishia nguvu. Kifua mbele aliitaja harakaharaka. Mvua ya risasi ikawa manyunyu. Alipomaliza, Fundi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mwongozaji, nina swali."

"Ndiyo, Fu... Ndiyo, mama."

"Kule kichochoroni umetuambia Kufuli alichoma duka la mchoyo mmoja aliyekuwa akiwanyonya maskini, halafu akagawa vitambaa kwa yatima."

Mchoyo? Yatima? Hayo mimi nilikuwa sijayasikia. Huko vichochoroni siendi. Nikautua mwiko.

"Ndivyo inavyosimuliwa," alisema Spika.

"Huyo mchoyo aliitwa nani?"

Spika akameza mate. Kipaza sauti kikaupeleka mmezo ule mpaka barabarani.

"Historia... historia haikumtaja jina, mama."

"Mwanamume au mwanamke?"

"Haijulikani."

"Na hao yatima walipata vitambaa gani?"

"Vya... vya maua."

"Vya maua!" alirudia bwana mmoja mwenye kofia, akifurahi.

"Ajabu," alisema Fundi. "Mimi nilisikia duka lile lilikuwa na khaki tu. Ya sare za shule. Khaki ya maua sijapata kuiona, na nimeshona mpaka kaptura yako ya darasa la kwanza."

Wageni wakaanza kutazamana. Nilifungua kinywa, na niliyokuwa nimeyaandaa yalikuwa mengi, lakini mtu mwingine alinitangulia.

"Hakikugawiwa kitu," ilisema sauti kutoka nyuma ya pazia. "Kiliungua chote."

"Nani huyo?" akauliza yule mama wa kitambaa changu cha meza.

"Mpishi!" akadakia Spika. "Ni mpishi wetu huyo, ana utani sana. Sasa, mabibi na mabwana, mkate..."

"Mimi si mpishi. Duka lilikuwa la huyo anayekuuliza. Kibiriti nilitoa mimi."

Pazia likafunguka. Mdogo wangu alitoka na aproni yake yenye madoa, kisu mkononi, macho yakimchuruzika kwa vitunguu. Wageni wa mbele wakarudi nyuma wakawakanyaga wageni wa nyuma.

"Ni nani huyu jamani?" alisema yule bwana wa kofia.

Fundi hakugeuza hata shingo. "Marehemu," alijibu. "Kaja kunywa supu ya pili."

Mtu mmoja alicheka, akajutia. Spika alikuwa amefumba macho kama anayesubiri sindano.

"Fundi," alisema mdogo wangu. Lilikuwa neno lake la kwanza kwake tangu duka lilipoungua.

"Sikuja kuzungumza na wewe."

"Najua."

"Nimekuja kuuliza kuhusu hii kamba." Sasa aligeuka, lakini alimgeukia Spika. "Mara ya kwanza nilifungiwa mlango. Mara ya pili nimefungiwa kiti. Na wanaonifungia ni ukoo uleule mmoja. Nimekukosea nini wewe, mwana wa wenyewe? Kaptura ilikubana?"

Spika alitazama kamba. Alitazama kibao alichokiandika kwa mkono wake. Mjukuu wangu ana makosa mengi, lakini si mjinga, na nikauona uso wake ukijifunza jambo ambalo mdomo wake ulikuwa ukilisema kila Jumamosi bila kulisikia. Mkono wake ukashuka kiunoni, ukazima kipaza sauti.

Mdogo wangu alisogea hatua moja, akageuza kisu, akamnyooshea Fundi mpini.

Fundi aliutazama mpini ule.

"Nina changu," alisema.

Akafungua mkoba, akatoa mkasi wake mkubwa wa kazini, akaikata kamba. Haikukatika kwa urahisi. Ilikuwa nene, naye mikono yake ina baridi yabisi. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. Ilipoanguka, alikipangusa kiti vumbi kwa kiganja, akakaa, mgongo akauelekeza jikoni.

Simu zikainuliwa juu zote kwa pamoja.

"Atakayepiga picha ataosha vyombo," nilisema, na simu zikashuka.

Nilikwenda jikoni. Mdogo wangu alikuwa amekwisha rudi. Bakuli lilikuwa tayari juu ya meza, mvuke ukifuka, mfupa umesimama katikati. Alikuwa ameinamia vitunguu na sikuweza kuuona uso wake. Sikumwuliza. Nililibeba bakuli.

Fundi alionja kijiko kimoja, akaonja cha pili.

"Chumvi haitoshi," alisema.

"Kamuulize huyo alikoipeleka," nikamjibu, nikimwonyesha Spika, ambaye alikuwa amepiga magoti anaokota vipande vya kamba.

"Lete hapa hizo," Fundi akamwambia. "Nitaanikia nguo."

Spika alizikusanya, akamwekea miguuni. Aliposema, sauti yake ya kawaida ilinishangaza, nilikuwa nimeisahau. "Jumamosi ijayo... utakuja tena, Fundi?"

"Nitakuja. Nitatangulia mbele, nisimulie mimi. Wewe utafuata nyuma na karanga. Na hicho kidude cha kiunoni kibaki kwa bibi yako."

"Na Babu?"

Fundi aliinua mfupa, akaugonga kwenye ukingo wa bakuli, akaufyonza uboho kwa mlio uliosikika mkahawa mzima. Nyuma ya pazia, kisu kilikuwa kimenyamaza. Ulipokwisha mlio ule, kikaanza tena.

Yule bwana wa kofia alinijia kaunta na bakuli lake mikononi.

"Samahani, mama. Nami naomba mfupa kama ule."

"Ule hauuzwi," nikamwambia, nikamtilia mwingine.