Posa ya Kila Mwaka wa Kumi na Saba

Jumatano asubuhi Mahbuba alikuwa uani kwao, mtaa wa Ansab, anamwagilia mndimu kwa mpira, udongo wa penye shina ukafutuka na Yaqdhan, mposaji wake, akatoka, kichwa kwanza, halafu mabega. Mahbuba akafunga maji asije akamlowesha.

"Umewahi," alimwambia. "Chai bado."

"Miaka kumi na saba kamili, Bi Mahbuba."

Akaenda kujishikiza ukutani chini ya kiyoyozi. Ngozi ikapasuka mgongoni, akachomoka ndani yake mweupe kama chicha, mbawa zimekunjana. Gamba la mara iliyopita liko stoo. Mahbuba hutilia vibanio vya nguo.

Yaqdhan alipomposa mara ya kwanza, Mahbuba alikuwa na miaka kumi na tisa. Baba yao keshafariki, walii wa kumwoza ni kaka yake, Marhoon. Marhoon alisema, "Subiri, tunaulizia nasaba yako." Yaqdhan ni mtu msikivu. Akaona pa kusubiria ni pale pale, akachimba akaingia. Huko chini hunyonya mizizi ya mndimu, ndiyo maana ndimu za nyumba ile hazina maji. Majirani wanajua, hawaziombi.

Bashayer, binti wa Marhoon, anasoma mambo ya wadudu chuoni Al Khoudh. Alileta birika la chai na maelezo.

"Shangazi, hii ndiyo hesabu ya nyenje wa Marekani, wanaokaa ardhini miaka kumi na saba. Kumi na saba haigawiki. Adui anayekuja kila miaka miwili, mitatu au mitano, hawakutani naye ila kwa nadra."

"Hesabu nzuri, mwanangu. Lakini kaka yangu yupo kila mwaka."

"Halafu wao hutoka kwa malaki. Ndege hula mpaka wakachoka, waliobaki wakaoa. Huyu katoka peke yake."

Yaqdhan akaitazama chai yake kama mtu aliyesahau kitu muhimu nyumbani.

Baada ya alasiri mbawa zilikauka. Akapanda mndimu akaimba, jirani akapiga simu kulalamika, Yaqdhan akashuka. Akaingia majlis, chumba cha wageni, na barua ya posa ndani ya leso. Marhoon alimkatia halwa kwa mkono wake, akamuuliza hali ya mizizi. Mahbuba alisimama nyuma ya mlango, kajifukiza udi, ana miaka hamsini na mitatu, sikio kwenye ubao.

"Wewe hatuna baya nawe," alisema Marhoon. "Ila babu yako wa tano bado hatujampata. Mzee aliyekuwa akiwajua watu wenu kafa mwaka jana. Tuvumilie kidogo."

"Hapana neno," alisema Yaqdhan.

Mahbuba alimsaidia kukunja mbawa penye shimo.

"Ukirudi nna miaka sabini, sina jino hata moja."

"Na mimi hunyonya tu," alijibu Yaqdhan, akateremka.

Ijumaa akaja Loay, kijana anayesoma na Bashayer, na barua yake ya posa. Safari hii aliyesimama nyuma ya mlango ni Bashayer. Marhoon akakata halwa, akauliza hali za wazee, akasema wataulizia. Loay akashukuru. Alipotoka uani akauliza, kwa adabu zote, koleo la kuchimbia linawekwa wapi.

Mahbuba akampa, akamwonyesha udongo ulipo laini.

"Sogea hapa ubavuni mwa mwenzio," alisema. "Na wengine wakija, wapisheni."