Kibuyu cha Samli

"Mama Salvina, hivi mwanao amekukosea nini?"

Ndivyo alivyouliza jirani yake Scolastika jioni ile ya mbio, amesimama mlangoni, mikono kiunoni. Febronia alichochea moto, na moyoni alikuwa akimshukuru Mungu kwa siku ambayo kijiji kizima kilidhani imemwendea vibaya.

Mwaka huo wa sitini na nane, vijana wa parokia moja ya Burundi walikuja Ushirombo kwa lori kushindana na vijana wa hapa. "Mkikimbia pamoja leo, kesho hamtakimbiana," padri aliwaambia. Wageni wakagawanywa majumbani, na Febronia mjane akapewa Generosa, binti mrefu mwenye Kiswahili cha kuokotaokota.

Zawadi ya mbio za wasichana ilikuwa mtamba. Tangu mumewe afariki na shemeji zake kuswaga ng'ombe wote, zizi la Febronia lilikuwa limeota magugu. Msimu mzima Salvina alikuwa akikimbia kwenda mtoni na kurudi, akisema, "Mama, maziwa yatarudi humu ndani."

Asubuhi ya mbio, Febronia aliona nyayo za mgeni zimepasuka hadi damu. Akaleta samli yake ya mwisho, iliyokuwa kwenye kibuyu kidogo, akampaka, kisha akampa aende nayo uwanjani ajipake tena.

"Mama! Unampaka mtu atakayenishinda?" Salvina alinung'unika.

"Nampaka mgeni wangu. Wewe kaza mbio."

Na Salvina alikaza. Aliongoza mpaka karibu na utepe, hapo Generosa akampita kwa kifua tu.

Shangwe hazijatulia, mzee Bujiku, mtu wa ngoma aliyewekwa kusimamia mstari, akakiokota kibuyu pale mbio zilipoanzia, akakiinua juu. Huku, Wagika na Wagalu, vyama viwili vya ngoma, wanaposhindana kucheza, kila kiongozi wa ngoma huja na kibuyu chake cha dawa ya kuvuta watazamaji. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

"Dawa!" Bujiku alifoka. "Hizi ni mbio za kanisa, si ngoma! Mtamba ni wa Salvina!"

Watu wakapiga vigelegele. Generosa aligeuka huku na huku, hajui ameshtakiwa nini. Salvina alijua kibuyu ni cha nani. Akamtazama mama yake kwa macho ya kuomba.

Febronia aliyaona macho yale. Akalitazama pia zizi lake tupu, japo halikuwapo pale. Kisha akaiminya rozari mkononi, akapita katikati ya watu.

"Shikamoo, mzee Bujiku."

"Marahaba, mayu. Njoo, mama, uchukue ng'ombe wako."

"Kibuyu hicho ni changu. Nilimpa mimi. Ni samli."

Bujiku akashusha sauti. "Kaa chini, mama. Unajinyang'anya mwenyewe."

Febronia akachovya kidole, akalamba. "Kama hii ni dawa, basi nipisheni na mimi nikimbie!"

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. Bujiku akanusa, akalamba, akalamba tena.

"Mzee, tubakizie!" mtu alipiga kelele.

Bujiku mwenyewe akaishia kucheka, akauinua mkono wa Generosa.

Ndiyo maana Scolastika alikuwa mlangoni sasa akiuliza, na Salvina amekaa pembeni, mgongo kwa watu, hajagusa ugali.

Kabla Febronia hajajibu, nje kukasikika kwato. Scolastika akasogea kupisha. Generosa alikuwa amesimama uani, kamba ya mtamba mkononi.

"Mama, kesho tunaondoka. Lori limejaa watu, ng'ombe hapandi," alisema akitafuta maneno. "Kwetu, ng'ombe anakaa kwa rafiki. Maziwa, yenu. Ndama wa kwanza, wa Salvina. Mimi nitakuja kumwona."

"Hata kwetu ng'ombe hukaa kwa rafiki," Febronia akasema. "Wabeja, mwanangu. Asante sana."

"Na tutakimbia tena," Generosa akamwambia Salvina. "Leo nimesikia pumzi yako hapa, shingoni. Niliogopa!"

Salvina aligeuka. Akamtazama mtamba, akamtazama Generosa, kisha akamtazama mama yake kwa muda mrefu. Akainuka, akachukua jembe nyuma ya mlango, akatoka kwenda kung'oa magugu zizini.