Lori la Kwenda kwa Mama Mkwe

Kuna watu hukosana na wakwe zao kwa sababu ya mahari, wengine kwa sababu ya chupa. Kiarie aliharibu mambo kwa kutoa mkono tu, na mkono wenyewe aliutoa kwa heshima.

Alikuwa mfumaji wa sweta za shule pale Kibomet, Kitale, mtu mtulivu aliyelelewa katika nyumba ambayo mgeni asiyewasalimu wote kwa mkono, hadi mtoto aliyebebwa mgongoni, huonekana ana kiburi. Basi siku ya kwanza alipofika Bokoli, upande wa Bungoma, kwa kina mchumba wake Nasike, alishika kila mkono uliokuwepo. Hakuna aliyemwonya, maana kila mtu alidhani mwenzake amemwambia: kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawashikani mikono, hawaketi chumba kimoja, wala hawatazamani usoni. Mama Lenah, mamake Nasike, alikuwa akipita nyuma ya nyumba na sufuria ya kuku. Kiarie akamwendea mbio, mkono mbele, meno yote nje. Mama wa watu akageuka, akatoka mbio, na sufuria ikaanguka. Mchuzi ukanywewa na ardhi, na mbwa wa boma, jina lake Askari, akajichagulia kipande alichokipenda. Akala firigisi.

Hiyo firigisi ndiyo iliyouma. Katika boma lile mkwe huandaliwa firigisi, na akishaila huhesabiwa amepokewa. Kiarie aliondoka bila kuila. Harusi ikafungwa kanisani, Mama Lenah akiwa benchi la nyuma kabisa. Miaka miwili ikapita, na kila Kiarie alipokwenda Bokoli, mama alijifungia jikoni akapika kila kitu isipokuwa kuku. Hakuwa na hasira. Alikuwa na aibu, na aibu ya mtu mzima ni ngumu kuiondoa kuliko hasira, kwa sababu haina wa kuombwa msamaha.

Sasa Nasike alikuwa mjamzito, na Kiarie alikosa raha.

"Mtoto atazaliwa," alimwambia mkewe, "na nyanyake hajawahi kunipa hata bawa. Mimi ni mkwe gani?"

"Wewe ni mkwe wa ugali na sukuma," Nasike akasema, akacheka. Halafu akamwona uso wake, akaacha kucheka.

Jumamosi moja Kiarie alirudi kutoka soko la mitumba amekumbatia mfuko wa matofali ya plastiki, yale ya kuchezea yanayobanana. Alidai ni ya mtoto. Mtoto mwenyewe bado alikuwa tumboni. Ndani ya mfuko mlikuwa pia na magurudumu yenye meno, injini mbili ndogo za betri, na rimoti iliyobandikwa utepe. Kiarie alivigeuzageuza vitu hivyo mezani, akatazama mikono yake, akatazama rimoti.

"Mkono wangu ndio umekatazwa," akasema polepole. "Gari je?"

Nasike akampigia babake simu papo hapo. Mzee Wepukhulu, aliyemwita mkwe wake Kialie tangu siku ya kwanza na hakuona kosa lolote, alitaka aelezwe mara mbili jinsi gari lingempelekea Mama Lenah zawadi badala ya mkono.

"Gali si mtu," akatoa hukumu. "Halina mama mkwe. Mwambie Kialie alilete."

Kazi ikaanza. Kiarie alikuwa na kitu cha kutuma tayari, shali aliyoifuma kwa nyuzi za rangi ya damu ya mzee zilizobaki kwenye sweta za shule. Mkono mtupu haulambwi. Kilichokosekana ni chombo. Boma la Bokoli liko kwenye mteremko: nyumba kubwa juu, jikoni chini, na katikati mna mawe, mizizi ya mparachichi na mtaro wa maji ya mvua. Gari la kuteleza sakafuni lisingefika popote.

Lori la kwanza aliloliunda kwa matofali yale alilipa magurudumu madogo na mwendo wa kasi. Walilijaribu kwenye rundo la murram, ule udongo mwekundu wa barabara, karibu na nyumba iliyokuwa ikijengwa mtaa wa Tuwan, mbele ya mafundi waliokuwa wameketi kunywa chai. Lilipanda kwa fujo, likasimama wima, likaanguka chali magurudumu yakizunguka hewani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mafundi walipiga makofi, na mmoja akauliza kama abiria wamepona.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kiarie alilibomoa lote. Akahamisha betri kutoka juu akaziweka chini kabisa, katikati ya magurudumu, ili uzito uwe tumboni na si kichwani. Akarefusha bodi ili magurudumu ya mbele yawe yamevuka mtaro kabla ya ya nyuma kuuingia. Kisha akafanya jambo alilojifunza kwenye mashine yake ya kufumia: akaweka gurudumu dogo la meno lizungushe kubwa. Mwendo ukapungua, nguvu ikaongezeka. Kila ekseli akaiacha icheze kidogo, ili tairi moja likipanda jiwe, mengine yabaki chini. Lilipomalizika lilikuwa na rangi saba, kwa vile mfuko haukuwa na matofali ya rangi moja ya kutosha.

"Linatembea kama bibi harusi," Nasike akasema walipolirudisha Tuwan.

"Bibi harusi hufika," Kiarie akamjibu, na kweli lori likafika juu.

Wakaenda Bokoli Jumamosi ya Agosti, ardhi bado mbichi kwa mvua ya usiku. Nasike akashuka jikoni kwa mamake. Kiarie akasimama barazani na Mzee Wepukhulu, shali ikiwa imekunjwa ndani ya lori, rimoti mkononi. Kama mama angelifungia lori mlango wa jikoni, basi ungefungwa milele, na Kiarie alilijua hilo.

Lori likateremka. Likapanda mzizi, likainama, likajirudi. Kwenye mtaro magurudumu ya mbele yakavuka, ya nyuma yakazunguka bure kwenye tope. Kiarie akapunguza moto, akabonyeza tena taratibu, na lori likajivuta likatoka. Mzee akatoa sauti ya kuridhika kama aliyemwona ng'ombe wake akipona. Hatimaye lori likaingia mlango wa jikoni, likapotea.

Ndani kigoda kilisogezwa. Halafu Nasike alisikika akicheka, na sauti nyingine, ambayo Kiarie alikuwa akiisikia kwa mbali miaka miwili, ikacheka pia.

"Lirudishe," Nasike akaita.

Pua ya lori ikatokeza, imegeuzwa na mkono asiouona. Shali haikuwemo. Palikuwa na bakuli dogo lililofunikwa kwa sahani, na mvuke ukitoka pembeni. Harufu ilifika barazani kabla ya lori. Ilimfikia na Askari pia, aliyekuwa amelala kwenye majivu. Akainuka na kujinyoosha.

Kiarie alibonyeza rimoti hadi kidole kikauma, lakini alikuwa amelijenga lori kwa nguvu, si kwa mbio. Lilipanda kwa adabu zake zote za bibi harusi, na Askari akalifuata akilamba midomo, hana haraka, kama mtu anayejua haki yake. Kiarie hakuweza kushuka, maana chini kulikuwa na mama. Mzee akatupa kofia yake, ikamkosa mbwa.

Ndipo Mama Lenah alipotoka jikoni, shali mabegani, mwiko mkononi. Alimpiga Askari kofi moja la mwiko kwenye makalio, mbwa akaenda zake. Kisha mama hakurudi. Alitembea nyuma ya lori, hatua kwa hatua, akililinda kama mchungaji, macho chini, hadi kwenye mparachichi. Hapo akasimama nyuma ya shina, akampa Kiarie mgongo.

"Wewe gari," akaliambia lori lililokuwa likijikokota kuelekea barazani, "mwambie mwenyewe ile ya kwanza ilikuwa ya mbwa. Hii ni yake."

Kiarie akachuchumaa, akainua sahani. Firigisi, imeiva vizuri. Aliitafuna yote, akameza.

"Gari," akasema akilitazama lori na si mparachichi, "mwambie mama nimekula. Nimeshiba hadi moyoni."

Mabega yenye shali yalikuwa yakitikisika kwa kicheko.

"Asiseme ameshiba," mama akaliambia lori. "Mwambie alishushe tena, na siku nyingine aunde kubwa. Kuku mzima bado yuko jikoni, hakutosha humu."